Subiri Tangazo

...na kama Corinne wa ile hadithi ya zamani ya televisheni angekuwa na akili, aliwaza Verona huku akiisukuma pasi juu ya kola ya shati, angemmaliza Royce siku ile ile ya kwanza, pale pale jikoni, kwa kile kisu cha mkate kilicholala mezani wiki nzima, sisi sote majumbani tunakiona ila yeye tu hakioni, lakini wapi, Corinne kazi yake kulia, anapangusa machozi kwa ncha ya kidole ili wanja usichafuke, kinanda kinapanda, tangazo la sabuni linaingia, na wanawake wa mtaa mzima wa kiwanda cha chuma wanabaki na pasi zao hewani mpaka Jumatatu... ngo, ngo, ngo, mlango wa nyuma, bado yupo, "Mama, nifungulie, nataka kuongea na mke wangu tu, dakika moja," huyo ni Dwayne, mkwewe, amesimama nje ya mlango wa wavu na kofia mkononi, na kinachomzuia asiingie ni kindoano kimoja cha chuma, chembamba kama kidole cha mtoto, na Verona alikuwa amemjibu vile alivyomjibu kila mtu kila mchana tangu binti yake Darlene hajazaliwa, bila hata kugeuza shingo, "Subiri tangazo," na Darlene, aliyekaa mezani na mfuko wa njegere za barafu shavuni, akacheka, kisha akajishika taya kwa maumivu, maana jino lake lilikuwa kwenye karatasi laini ndani ya mfuko wa koti, jino zima na mzizi wake, Dwayne alikuwa amelitoa asubuhi kwa ngumi moja kwa sababu ya mayai, eti mayai yamekauka, mtu anang'olewa jino kwa mayai... na Darlene akasema polepole, nusu ya mdomo, "Mama, Dwayne analia. Umemwona? Analia kweli safari hii," naye Verona akageuza shati, akaanza mkono wa kushoto, kwa sababu mkono wa kushoto haujadiliani na mtu, unanyooshwa tu, na kwenye televisheni mwanamke mpya asiyemjua vizuri alikuwa anamimina mvinyo wenye sumu, siku hizi wanamwaga sumu kama maji, zamani sumu ilichukua mwezi mzima kufika mdomoni.

Zamani zile televisheni yenyewe ilikuwa nyeusi na nyeupe, sauti chini kabisa, kwa sababu Andy, marehemu mumewe, alifanya zamu ya usiku kwenye tanuri na mchana alilala juu, na sheria ya nyumba ilikuwa hiyo, hadithi zikianza hakuna anayesema mpaka tangazo, wala kukohoa, majirani wote walijua, hata padri alijua, hakuna aliyepiga simu saa zile, watu walidhani ni mapenzi ya hadithi tu, kumbe na hofu ya ngazi, maana ngazi ikilia ujue ameamka... na siku ile kinanda kilikuwa kimepanda kuliko kawaida, Royce alikuwa amemshika Corinne mabega juu kabisa ya ngazi za jumba lao la Ashgrove, mji ambao haupo kwenye ramani yoyote na Verona aliujua kuliko mtaa wake, akamtikisa, akamsukuma, na Verona, mjinga wee, akapiga yowe, "Shika kitu!" akampigia yowe mwanamke wa kwenye kioo, na ngazi za nyumbani zikalia, Andy akashuka na soksi, akaipiga teke televisheni katikati ya uso, kioo kikapasuka kwa kishindo, moshi ukatoka, kisha akamgeukia yeye, akamshika nywele akampiga uso kwenye ukingo wa sinki, mara moja, mara mbili, kama mtu anayevunja yai, tena mayai, nyumba hii na mayai... na Darlene alikuwa chini ya meza na mwanasesere wake, akanyamaza kabisa, mtoto aliyefunzwa vizuri, alikuwa anasubiri tangazo. Wiki iliyofuata Andy alileta televisheni ya rangi, ya kwanza mtaani, wanaume wawili waliibeba, wanawake wakaja kuishangaa na kumwambia Verona una bahati wewe, mume kama huyu, naye akaitazama kwa jicho moja, la pili lilikuwa limefunga, na kitu cha kwanza alichokiona kwa rangi maishani mwake ni damu ya Corinne chini ya zile ngazi, nyekundu, nyepesi, kama sharubati, akasema moyoni hawa hawajui, damu haiko hivyo, damu inakuwa nyeusi, inanata sakafuni, unaisugua kwa brashi na bado ukipiga deki Jumamosi maji yanabadilika rangi... ngo, ngo, "Darlene! Niangalie, mpenzi. Bila wewe mimi si mtu. Mimi ni gofu tu, limebaki kuta," na pasi ikasita, gofu, Verona alilijua hilo gofu, alijua na kinachofuata, "Nipe mkono tu, nitajifunza upya kuwa mwanadamu," na kweli Dwayne akasema, neno kwa neno, "nipe mkono tu, nitajifunza upya kuwa mwanadamu," maneno ya Royce haya, ya Royce kwenye mvua, nje ya wodi ya Corinne, na kumbe ndiyo, tangu kiwanda kifungwe wanaume wote wako nyumbani, wanakaa kwenye makochi ya wake zao wanatazama hadithi na kubishana nani atamwoa nani, Dwayne alitazama marudio ya zile za zamani msimu mzima wa baridi na miguu juu ya meza, kumbe alikuwa darasani.

"Umesikia, Mama?" Darlene ameinuka nusu, kiti kimekwaruza sakafu, macho yake yanang'aa kama siku ile, siku ya arusi... Mungu wangu, arusi ile! Corinne alikuwa ameamka hospitalini bila kumbukumbu, hamjui aliyemsukuma, na nani anakuja na maua kila siku kama si Royce, mzuri, nywele zake kama za malaika, na barua zikafurika huko studio, wanawake wanasema msimfunge, msimwue, mpeni nafasi, nasi tukampa, Verona aliandaa sebule, wanawake wakaja na kofia za kanisani, mchana mweupe, siku ya kazi, Verona alikuwa ameoka mikate ya jozi, zile kokwa, kama ya arusi za kwao, ile ya kuviringishwa, na shingoni alikuwa amefunga kitambaa cha hariri kwa ajili ya vidole vya Andy, hakuna aliyekiulizia kitambaa, Julai ile, joto lile, hakuna aliyekiulizia, na Royce aliposema ndiyo wakalia wote, wakalia kwa kwikwi, na Darlene na gauni lake la komunio akachota mchele kwenye bakuli akairushia televisheni, punje zikagonga kioo kwa sauti ya mvua, akageuka akasema, "Mama, mimi pia nataka yule," na sebule nzima ikacheka, wewe mtoto wewe, utampata wako... akampata, akampata kabisa, mwana umleavyo ndivyo akuavyo, mchele ulikuwa unaokotwa chini ya zulia miaka na miaka, kila ukifagia punje moja, punje moja, na Verona akaona jinsi ambavyo angeweza kuichukua pasi hii na kuibandika kwenye ule wavu, upande wa pili kuna uso, angesikia ngozi ikilia kama kitambaa chenye maji, angeuona mdomo wenye maneno ya Royce ukiganda ndani ya wavu, miraba midogo midogo shavuni, akatwe kama biskuti, na halikumtisha wazo hilo, alilitazama kama anavyotazama kila kitu mchana, kwa makini, bila kukohoa.

"Mama mkwe, mimi na wewe hatujawahi kugombana. Wewe unanijua mimi." Ninakujua, ndiyo, nimekujua zamani, aliwaza, na hapo kitu kikageuka ndani yake, kwa sababu Andy alikufa kiwandani, bakuli kubwa la chuma kilichoyeyuka lilipomwagika, jeneza likaja limefungwa, likapigiliwa misumari, wakamwambia mama usifungue, hakuna cha kuona, nyepesi lile jeneza, wanaume wanne walilibeba kama sanduku la kofia, na kila mwanamke wa hadithi anajua kanuni, mtu asiyeonekana maiti yake hajafa, atarudi, atatokea mlangoni siku ya sikukuu na kovu moja la kupendeza, Royce mwenyewe alilipuliwa pamoja na mashua yake na akarudi, kwa hiyo Verona aliegemeza kiti mlangoni usiku mmoja baada ya mwingine, mwaka baada ya mwaka, wanawake wakimcheka, "Verona, shoga yangu, marehemu ameyeyuka na chuma, sasa hivi ni nguzo ya daraja mahali," naye alicheka nao na kurudi nyumbani kuweka kiti, kisha siku moja akachoka, akakiondoa, akasema hatarudi... na pale mlangoni anabisha nani? Maana kuna kanuni nyingine alikuwa ameisahau, ile sauti nzito ya mwanamume asiyeonekana, inayokuja kabla ya kinanda, kuanzia leo nafasi ya Royce itachezwa na fulani, na mwanamume mwingine kabisa anaingia, mrefu zaidi, pua nyingine, na Corinne anamkumbatia bila kushtuka, mji mzima unamsalimia, hakuna anayesema huyu si yule, na watazamaji mnalalamika siku tatu kisha mnazoea... kuanzia leo nafasi ya Andy itachezwa na Dwayne. Nafasi ya Verona itachezwa na Darlene. Ndivyo ilivyotangazwa kanisani mbele ya watu wote, pete zikavishwa, na yeye mwenyewe alikaa kiti cha mbele na kofia akilia kwa furaha, hakusikia, alidhani ni kinanda tu.

Basi yeye Verona sasa ni nani humu, kama Verona ni yule pale mwenye njegere shavuni, mkono mmoja kwenye meza, anayetazama kindoano... na jibu likaja lenyewe, baridi, ni Bi Agatha, mama yake Corinne, nani anamkumbuka Bi Agatha? walimbadilisha mwigizaji mara tatu na hakuna aliyeandika barua, mwanamke wa lulu shingoni na sahani ya chai, kazi yake ilikuwa moja tu miaka yote, kufungua mlango, kengele ikilia Bi Agatha anafungua, Royce anaingia na mvua yake, naye anamwinamia binti yake na kusema, "Msikilize, mwanangu, ni mume wako," kisha anatoka na sahani, na kamera haimfuati, haijawahi kumfuata kuona anakwenda wapi, anakaa wapi na masikio yake wakati mambo yanapovunjika kule ndani... na Verona aliyajua hayo maneno kwa ladha yake, Pasaka iliyopita aliyasema mbele ya mlango huu huu, kwa sauti ya upole ile ile, na Darlene akaenda, akarudi na mkono kwenye plasta, alianguka eti, barafu, Aprili... na sasa yalikuwa yamekaa tena ulimini, yamejipanga, yanasubiri tu ajifute mikono kwenye aproni, msikilize mwanangu, mwanamke akimsukumia mtoto wake ngumi kwa sauti ya upole, la kuvunda halina ubani na yeye ndiye aliyekuwa akiufukiza ubani huo, na hasira ikampanda, ikamshika kooni pale pale palipokuwa na kitambaa cha hariri, akamchukia Royce na nywele zake, akaichukia mikate ya jozi, akamchukia Andy akiwa nguzo ya daraja, na zaidi ya wote akamchukia Bi Agatha, akatamani kumvuta zile lulu mpaka uzi ukatike.

Ngo, ngo, ngo... kwenye televisheni yule mwanamke mpya ameinua glasi ya mvinyo, ameisogeza mdomoni, kinanda, siku hizi si kinanda, ni mashine fulani, ila inapanda vile vile, uso wake umejaa kioo kizima, umeganda, na kisha mara moja sauti ya furaha, povu, mama mwenye meno meupe anainua shuka jeupe juani, tangazo. "Haya, Mama," Dwayne akasema nje ya wavu, kwa lile cheko lake dogo, "tangazo hilo. Nimesubiri." Darlene amefika katikati ya jiko, mkono umenyooka kuelekea kwenye kindoano, akageuka kumtazama mama yake kama alivyomtazama kila mchana, akingoja kuambiwa kwamba sasa inaruhusiwa kusema, na Verona hakuiweka pasi chini, wala hakujifuta mikono.

"Kaa chini, mwanangu," akasema. "Usimsikilize."

Nje, Dwayne akabisha tena, na pasi mkononi ilikuwa bado ya moto.