Figo Isiyotumika

Watu husema mwili ni mali ya mwenyewe. Wee! Subiri ndugu yako augue ndipo utajua mwili wako una wanahisa wangapi. Wangu uligawanywa mchana kweupe, sebuleni kwa mama, mimi mwenyewe nimekaa pale pale karibu na mlango, na hakuna hata mmoja aliyenigeukia kuniuliza.

Tuanze na mdogo wangu. Mtaani wanamwita Chuma, kwa sababu anachomelea mageti na madirisha, na kwa sababu alikuwa na kifua cha kuinua geti zima peke yake. Mgongo ulipoanza kumsumbua hakwenda kwa mtaalamu yeyote. Alinunua dawa za maumivu, akawa anazitafuna asubuhi na mchana kama karanga, na kuzisindikiza na kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu. Maji? Maji alisema ni ya kuogea. Karakana yao haina choo, na ukinywa maji unajitafutia safari ya kwenda kubisha hodi kwa majirani. Alipopimwa presha akaandikiwa vidonge. Akavimeza mpaka alipojisikia vizuri, kisha akaachana navyo. "Dada, mtu mzima kama mimi nimeze dawa ya nini?" Za maumivu ndiyo, za presha hapana. Hizo ndizo akili zake.

Nilimwambia mpaka mate yakanikauka.

Mimi nashona sare za shule, kazi ya kukaa kutwa nzima. Baba yetu alipooza kwa presha hiyo hiyo, na mimi ndiye niliyemgeuza kitandani, nikamwosha, nikamlisha, mpaka alipotuaga. Chuma alikuwa akija Jumapili na mfuko wa machungwa na vichekesho vyake. Baba alicheka kwa upande mmoja wa uso, na nyumba nzima ikasema kijana huyu ana moyo. Tulipomzika nilijiapiza kwamba mimi sitageuzwa na mtu. Nikaacha soda. Nikapunguza chumvi mpaka wageni wakaikimbia meza yangu. Nikawa naiacha cherehani mara kwa mara ninyooshe miguu, na kazini naenda na kurudi kwa miguu. Basi nikawa kichekesho cha ukoo. Walinibandika jina, Daktari wa Bure. Kwenye sherehe wananisogezea glasi ya maji: "Mpeni Daktari, asije akatufia kwa utamu!" Na mama ndiye aliyecheka kuliko wote. "Sijui anajinyima ili amwachie nani," alikuwa akisema.

Sasa jibu amelipata.

Miguu ya Chuma ilianza kuvimba, ukafuata uso. Tulipomfikisha hospitali figo zote mbili zilikuwa zimekwisha kazi. Tangu hapo maisha yake ni kulazwa kwenye mashine ya kusafisha damu, anatoka pale kalegea, anapata nafuu siku inayofuata, inayofuata tena anarudishwa. Wifi yangu, mkewe, humshika mkono muda wote. Wifi namhurumia, siwezi kusema uongo. Ana watoto wadogo na macho yake hayajui tena usingizi. Alinipigia magoti jikoni kwangu, nikamwinua, nikamwambia, "Inuka bwana, huyo ni mdogo wangu kabla hajawa mume wako." Nikaenda kupimwa kwa hiari yangu. Sikuburutwa na mtu. Chuma nilimbeba mgongoni tukiwa wadogo, na nilitaka apone.

Majibu yakatoka: tumelingana. Figo zangu safi, presha safi, moyo safi. Daktari alisema hajaona mtu wa umri wangu mwenye vipimo kama vile, na mimi, jamani, nilifurahi. Nilipanda ngazi mbio kwenda wodini kumpa habari mwenyewe.

Kumbe habari ilishatangulia. Kabla sijavuta pazia nilisikia sauti yake, alikuwa na wenzake wa karakana.

"Dada ana figo mbili mpya kabisa, nawaambia. Hazijatumika! Kazilaza tu na maji miaka yote. Nikiwekewa moja, masikini, ndiyo kwanza itaonja raha ya dunia."

Wakaangua kicheko. Nilivuta pazia. Mama alikuwa ameinama upande wa pili wa kitanda, anachomoa chupa ya soda kwenye mkoba wake, na Chuma mkono keshanyoosha. Huyo ni mtu aliyepimiwa maji ya siku nzima kwenye kikombe kidogo, kwa sababu yakizidi yanamjaa mapafuni.

"Mama, unampa nini?"

"Mtoto ana kiu," alisema bila hata kushtuka.

"Hiyo inamuua, mama. Si tumeelezwa wote?"

Mama akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo la kitoto. "Si unampa figo? Sasa kuna shida gani tena?"

Wale wenzake walianza kutafuta kofia zao. Chuma aliniangalia na lile tabasamu lake. "Usinune, dada. Ni leo tu. Nikipona naacha."

"Unaacha nini?"

Alijikuna kichwa. "Nitapunguza," alisema.

Niliondoka pale. Kumbe ndiyo maana ya miaka yangu yote. Kumbe nilikuwa natunza stoo ya vipuri.

Kesho yake daktari aliniita peke yangu, akafunga mlango. Ni mwanamke wa makamo, mpole, na nadhani uso wangu alishausoma. Akasema, "Dada, operesheni hii utaiweza, na kwa figo moja utaishi vizuri. Lakini kama moyo wako haupo kwenye jambo hili, niambie mimi. Nitawaambia familia kwamba vipimo vimekataa. Hakuna atakayejua." Nilimshukuru. Nikamwomba anipe muda hadi Jumamosi.

Jumamosi ndiyo siku ya kile kikao cha sebuleni. Chuma alikuwa ameegemezwa mito kwenye kochi, wifi pembeni yake, na mama kiti cha mbele. Mama alishapanga kila kitu. Nikitoka hospitali nitalala chumba cha nyuma. Wifi atanihudumia. Cherehani itasubiri, kwani sare zinakimbilia wapi? Aliniongelea kama kabati linalohamishwa kutoka chumba hiki kwenda kile.

Uongo wa daktari ulikuwa mdomoni, tayari. Ningesema vipimo vimekataa, wangelia kidogo, wangenipa pole, yangeisha. Nikashindwa. Nilifikiria miaka ile yote ya kuchekwa, halafu leo nisimame mwenyewe niuite mwili wangu mbovu ili wengine wapate kulala. Hapana.

"Nafaa," nilisema. "Daktari amesema nafaa kabisa. Na sitoi."

Wifi aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Mama alidhani hakunisikia vizuri, ikabidi nirudie.

"Amekunyang'anya nini, mpaka nikuelewe?" mama aliuliza. "Amekukosea nini mdogo wako?"

"Ataiua na hii yangu, mama. Na wewe ndiye utakayembebea chupa."

Mama akasema polepole, bila kupandisha sauti, "Ungekuwa wewe ndiye unayeumwa, yeye angekupa."

Hapo alinipata. Kwa sababu ni kweli. Chuma angenipa siku hiyo hiyo, bila kuuliza swali, akitania mpaka mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Hajawahi kunyima mtu kitu tangu azaliwe. Na ingekuwa figo ya kutupa, isiyonifaa kwa lolote, na bado wote wangesema ana moyo. Wifi alikuwa amejiinamia analia, mabega yanamtikisika.

"Mwacheni dada," Chuma alisema kutoka kwenye mito yake. Hakuwa na hasira hata chembe. "Ni yake. Msimlazimishe, jamani."

Nilimchukia kwa maneno hayo kuliko kwa yote aliyowahi kunywa na kumeza. Na neno langu sikulibadilisha.