Hewa ya Upande wa Usiku

Wiki nzima mtafiti alikuwa akigombana na hewa ambayo karibu haipo. Mwezi aliouchunguza, mmoja wa miezi midogo ya sayari za mbali, una gesi nyepesi mno. Mama yake alipoelezwa kazi hiyo alicheka mpaka akashika mbavu: "Mwanangu, umesoma miaka yote hiyo uje kuhesabu kisichokuwepo?"

Kilikuwepo, na kilimtia wazimu. Mchana, jua hugeuza barafu ya mwezi ule kuwa gesi. Usiku, gesi inapaswa kuganda tena. Kwenye programu yake ilikataa kuganda, kama mgeni asiyejua kuaga. Na mhandisi wa chombo cha anga alitaka jibu kabla ya saa sita mchana: wapite umbali gani juu ya upande wa usiku bila gesi kukiyumbisha chombo?

"Ni data zako za joto!" mtafiti alimfokea mwenzake wa meza ya pili, waliyemwita Taratibu. "Umeziharibu!"

"Nimezikagua mara tatu, dada. Tuangalie na programu."

"Programu imenipa shahada, imenipa kazi hii. Leo ndiyo iwe mbovu?"

Taratibu alivuta kiti, akasoma mstari mmoja mmoja, kidole kwenye kioo cha kompyuta, mpaka mtafiti akatamani kuking'oa kidole hicho. Kwenye mstari wa mia nne kikasimama.

Molekuli ya gesi ikigusa ardhi ya baridi, programu iliiamuru idunde badala ya kuganda. Pembeni paliandikwa: "Kwa muda tu. Nitarekebisha kesho." Tarehe ilikuwa ya miaka sita iliyopita, na maneno ya kujiamini vile yalikuwa yake mwenyewe.

Masikio yalimwaka kwa aibu. Kila namba aliyowahi kuitoa ilizidisha gesi.

"Rekebisha, tuendeshe upya," Taratibu alinong'ona. "Za zamani nani atauliza?"

Hilo lilimuudhi kuliko yote, kwa sababu yeye alikuwa ameshaliwaza.

Simu ikalia. "Dokta, namba iko tayari?" aliuliza mhandisi.

"Nipe mpaka jioni. Na ile niliyokupa mwaka jana ilikuwa na makosa. Niliwapitisha juu mno, mbali na gesi."



"Mwaka jana kipimo changu cha gesi hakikunusa kitu," alisema mhandisi. "Wakubwa waliniambia nimetengeneza kibovu. Wakaniondoa kwenye timu ya vipimo."

"Hakikuwa kibovu, kaka," alisema mtafiti. "Nitawaandikia sasa hivi."