Dume Linavuta Polepole

Siku za mwezi mpevu dagaa hawaji kwenye taa, kwa hiyo mitumbwi hupandishwa nchi kavu ipumzike. Wavuvi huziba nyufa, hushona nyavu, hulala mchana kutwa. Mwaloni kwetu Kibara, ufukweni mitumbwi inapofikia, siku hizo ziwa hutulia kama maziwa kwenye bakuli, na ukiamka mapema, ukungu ukiwa bado umelala juu ya maji, unaweza kudhani umeingia kwenye ndoto ya mtu mwingine. Mimi ninazipenda kwa sababu moja tu. Ndizo siku ambazo baba yangu anapata maneno.

Baba, mzee Wambura, alipigwa na kiharusi. Mkono ulirudi, mguu ulirudi kidogo, maneno hayakurudi. Hawezi kuomba maji. Hawezi kuniita. Ananitazama, midomo inahangaika, mwisho anatoa "eee, eee" na kugeukia ukutani. Daktari wa Bunda alituambia kwamba maneno ya kusema yana upande wake kichwani na nyimbo zina upande wake. Nikamwona mtu anayetufariji tu. Halafu mwezi ukawa mpevu, watu wakashika kamba ya mtumbwi wetu, na baba, ambaye maisha yake yote alikuwa mwimbishaji wa mwaloni, akasimama kwenye mchanga akaimba. Aliimba kwa Kijita safi, kila neno mahali pake. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi:

"Mgeni huyu ana maringo!"

"Mvute!" watu wakaitikia, na mtumbwi ukasogea.

"Amefika mlangoni hataki kuingia!"

"Mvute!"

Nililia hadi beseni nililoshika likanidondoka. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kuusubiri mwezi. Watu wa Kibara wanajua kwamba Debora nina hasira za karibu, lakini siku za kupandisha mitumbwi hata mbuzi akila kanga yangu kwenye kamba ninamwacha ashibe.

Sasa kuna mdogo wangu, Gody. Gody ana moyo mzuri na kichwa kigumu. Alinunua pikipiki ya magurudumu manne kutoka kambi moja ya watalii upande wa Bunda, ilikuwa imechoka, akaifufua mwenyewe uani. Watoto wakaiita Dume. Kwenye barabara ya Bunda ilikuwa inakimbia hadi kuku wa watu wakawa hawatagi. Nikadhani amenunua mchezo. Kumbe alikuwa na wazo.

"Dada, watu wa kuvuta wanaisha," aliniambia. "Vijana wote wameenda machimboni. Mwezi uliopita tulizunguka nyumba kwa nyumba tunabembeleza watu. Dume itavuta mitumbwi."

"Na baba je?"

"Baba atapumzika. Si alikuwaga anachoka kusimama juani?"

Kuna mtu anakupenda na hakuoni. Gody anampenda baba hivyo.

Mara ya kwanza Dume alituchekesha. Gody alifunga kamba nyuma, akapanda, akakandamiza moto. Mashine ikalia kwa sauti kubwa, magurudumu yakachimba mchanga, mtumbwi haukusogea hata kidogo. Akajaribu tena, injini ikazimika. Akajaribu tena, ikazimika. "Dume gani hili!" watu wakapiga kelele. "Limehasiwa!" Mwisho wanaume wale wachache waliokuwepo wakaifungua kamba, baba akaanza wimbo wake, na mtumbwi ukapanda polepole kama siku zote. Nilifurahi waziwazi. Gody alisukuma mashine yake nyumbani hajamtazama mtu.

Wiki iliyofuata tukaipakia kwenye Fuso hadi Musoma. Mimi nilikuwa na magunia ya dagaa ya kupeleka sokoni, na kusema kweli nilitaka pia kusikia fundi akisema kwamba haiwezekani.

Fundi alikuwa Abdulkadiri wa mtaa wa Mukendo, mtu wa ndevu nyeupe na vidole vyeusi, anayefanya kazi huku akitabasamu peke yake. Hakuuliza mengi. Aliinua Dume juu ya magogo, akalizungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, taratibu, cheni ikapita mbele ya macho yetu ikinong'ona.

"Tatizo si injini," akasema. "Hizi sproketi zako ni za mtu mwenye haraka." Akamwonyesha Gody yale magurudumu mawili ya meno yanayoshika cheni, dogo lililo kwenye injini na kubwa lililo nyuma. "Mbele meno kumi na saba, nyuma thelathini na saba. Hiyo ni ya barabara. Kwenye mchanga, na mzigo nyuma, injini inaanza kazi imeshachoka. Tutakuwekea mbele yenye meno kumi na manne, na nyuma tutafute kubwa. Injini izunguke sana, gurudumu lizunguke kidogo. Hapo utapata nguvu ya kuanzia."

"Na mbio?" Gody akauliza.

"Mbio sahau. Huwezi kula vyote."

Sproketi kubwa haikuwepo Mukendo. Abdulkadiri akampigia mwenzake wa Butiama, aliyekuwa nayo kutoka kwenye toyo lililokufa, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, na baada ya adhuhuri bodaboda akaileta imefungwa kwenye gazeti. Ilikuwa pana kama sinia. Matundu yake hayakulingana, ikabidi yatobolewe upya. Cheni nayo ikawa fupi, ikaungwa. Mimi nilikaa kwenye benchi nikitazama vumbi la chuma likishuka kwenye mwanga wa alasiri, linameta, linashuka, na upepo wa ziwa unapita kati ya vibanda. Nikasinzia. Nikaota baba ananiita kutoka ng'ambo ya maji, lakini kila akifungua mdomo inatoka sauti ya cheni. Nikaamka nimeshika kifua.

"Fundi," nikasema, "hizo za zamani zirudishe tu, tuondoke."

Abdulkadiri akanitazama, hakuelewa, akatabasamu. "Utalikuta halikimbii tena, mama. Ila litavuta nyumba."

Lori la kurudi lilitufikisha Bunda. Kutoka pale Gody akaendesha mwenyewe, mimi nimekaa nyuma nimeshika magunia matupu. Sijawahi kusafiri polepole namna ile. Injini inalia kwa bidii na sisi tunatambaa. Baiskeli ikatupita. Mwanamke mwenye ndoo kichwani alitembea nasi sambamba, akatuamkia, akauliza habari za nyumbani, tukamjibu zote. Mashamba ya pamba yalipita moja moja, mlima haukuisha, jua likawa linashuka upande wa ziwa bila haraka yoyote, kana kwamba nalo limebadilishiwa meno. Ingekuwa siku nyingine ningesema ni safari nzuri kuliko zote. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuogopa, kwa sababu kwenye kile kilima kabla ya kwetu Dume alipanda bila kuhema.

Mwezi ukawa mpevu tena. Kulipopambazuka Gody alifunga kamba kwenye mtumbwi wa kwanza, na watu wakaja kuangalia. Dume akanguruma kwa chini, magurudumu yakashika mchanga. Mtumbwi ukatoka majini kama ng'ombe mtiifu, ukapanda, ukapanda, ukafika juu. Hakuna aliyetoa jasho. Watu wakapiga makofi.

Baba alikuwa amesimama mahali pake, amevaa kofia yake. Aliimba mstari wa kwanza. Nilimwona akiimba, sikumsikia vizuri kwa sababu ya injini. Alisubiri waitikie. Nani aitikie? Mikono ilikuwa mifukoni, macho yote kwa mashine. Akaimba mstari wa pili, nusu. Mdomo ukabaki wazi kidogo, halafu ukafunga. Akageuka akaanza kupanda kwenda nyumbani, mguu wake mmoja ukiburuza, na mtumbwi ukampita.

Siku ile hakula. Nilimpelekea uji, akageukia ukutani. Hata ile "eee" hakuitoa.

Nikamfuata Gody uani. Alikuwa anaipaka cheni mafuta, amefurahi, maskini.

"Umemfunga baba mdomo kwa hiyo cheni yako!"

"Dada, mimi nimefanya nini?"

"Huoni? Wewe kijana huoni? Pale ndipo anaposemeaga! Hana mahali pengine!"

Nilisema mengi, mengine siyarudii. Gody alikaa chini, kopo la mafuta mkononi.

"Hata nikirudisha meno ya zamani," akasema, "nani atavuta? Umehesabu wewe? Leo wanaume walikuwa sita, na wawili wazee. Wimbo ulikuwa unaisha wenyewe, dada. Mimi sikuuua."

Hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu lilikuwa kweli. Nikarudi ndani nikalia kwenye mto.

Asubuhi ulikuwa umebaki mtumbwi mmoja majini, wetu. Hawakuja watu. Waje kufanya nini? Ukungu ulikuwa mzito, ziwa halionekani lilipoanzia. Nilimwamsha baba, nikamvalisha kofia, nikamshika mkono hadi mwaloni. Alikuja kwa sababu nilimvuta. Gody alikuwa ameshafunga kamba kwenye Dume.

Kwetu mwanamke haigusi kamba ya mtumbwi. Anasubiri pembeni na beseni lake, basi. Wanasema akiigusa samaki watasusa. Mimi nilivua ndala, nikaingia majini hadi magotini, nikaishika kamba kwa mikono miwili, katikati ya mtumbwi na Dume.

"Dada!" Gody akaita.

"Nyamaza. Washa. Ukisikia nimeitikia, vuta. Nikinyamaza, simama."

Zamani isingewezekana. Lile Dume la mbio ukilisimamisha na mzigo lilikuwa linakufa papo hapo. Sasa lilikuwa linaweza kusogea hatua moja, kusimama, kusogea tena, injini ikinong'ona tu kama mtu anayeota.

Baba alitazama kamba. Alitazama mikono yangu. Alichelewa sana, nikafikiri hatafungua mdomo.

"Mgeni huyu ana maringo," akaimba, kwa sauti ndogo.

"Mvute!" nikaitikia peke yangu, sauti yangu mbaya ikapotea kwenye ukungu. Dume akavuta. Kamba ikakaza, ikaniunguza viganja.

"Amefika mlangoni hataki kuingia!"

"Mvute!"

Tukaenda hivyo, baba anaimba, mimi naitikia, Gody anavuta na kusimama. Kusema kweli mashine ndiyo iliyokuwa inafanya kazi; mimi nilikuwa nimening'inia tu. Na mwimbishaji wa mwaloni, hata akiwa mgonjwa, anajua mtu anayening'inia. Ndiyo kazi yake. Katikati ya wimbo humtaja mvivu kwa jina, mbele ya watu, mpaka aone aibu avute.

Baba alinyoosha kidole.

"Debora amelegea!" akaimba. "Debora wangu amelegea!"

Injini ikazimika. Si kwamba ilishindwa. Gody alikuwa ameachia kila kitu, anamtazama baba, machozi yanamtiririka hadi kidevuni. Maji yalikuwa yanapiga ubavu wa mtumbwi, nusu yake bado iko ziwani.

"Washa, mjinga wewe," nikamwambia, nami sioni mbele kwa kulia. "Washa, baba ananisema!"