Herufi za Komanda

Nilimlaza mtoto wa tano mapajani, nikapuliza mgongo wake taratibu mpaka ngozi ikaonekana, kisha nikasimamisha rula hapo.

"Kahawia. Manyoya mafupi."

Saliha akaandika. Tulikuwa jikoni kwake, mtaa wa Jabe, kizimba cha sungura kikiwa katikati yetu. Watoto walikuwa saba, wa siku ishirini na nne. Mama yao, Kahawa, alikuwa anatafuna majani pembeni. Jina lake ndilo rangi yake, na manyoya yake ni marefu kama sufi.

"Mama Chance," Saliha akasema, "si tumeshashinda? Dume mweusi, watoto kahawia. Mi nimeona."

"We umeona. Wao bado."

Wao ni shirika la wafugaji wa sungura la Mutanga Nord, na mkubwa wao ni Fortunat, aliyekuwa zamani karani bandarini. Mwaka jana nilimpeleka Tulia, jike wangu mweusi wa manyoya mafupi, kwa dume wake Komanda, mweusi wa manyoya mafupi vilevile, anayesifiwa kuwa ni damu safi. Katika watoto wanane akatokea mmoja wa kahawia, manyoya marefu. Ndiye Kahawa. Fortunat alimwinua mbele ya mkutano na kuuliza baba yake ni nani.

"Komanda apana," akajijibu mwenyewe. "Komanda hana hii rangi, hana hii manyoya. Jike ya Mama Chance alitembea."

Watu wakacheka. Kwa kanuni zao, jike anayeharibu mbegu huchinjwa. Tulia alichinjwa mchana uleule, akaliwa kwa ugali, na jina langu likafutwa kwenye daftari. Sahani niliziosha mimi. Fortunat aliniletea yake mkononi, mifupa juu. "Asante, mama. Alikuwa mutamu." Nilipokea kwa mikono miwili. Kahawa hakuna aliyemtaka, hata kwa kitoweo, nikarudi naye nyumbani ndani ya kikapu.

Sikumhukumu Fortunat siku ile. Sikuwa na hakika. Huenda Tulia alitoka kweli; kibanda changu kilikuwa na kitasa kibovu.

Wiki chache baadaye nilinunua karanga sokoni, zikafungwa kwa karatasi ya daftari la mwanafunzi, na katikati ya mafuta nikaona somo la jinsi watoto wanavyorithi sifa za wazazi, na mchoro wa vyumba kumi na sita wenye herufi ndani. Nilimrudia muuza karanga nikanunua daftari zima, au kile kilichobaki. Nilikaa nalo miezi minne. Kurasa zilizokosekana nilizijaza kwa kujaribu.

Manyoya meusi niliyapa N, ya kahawia n. Mafupi F, marefu f. Kila sungura ana herufi mbili za rangi na mbili za manyoya. Moja ya kila jozi katoa baba, nyingine katoa mama. Herufi kubwa ikiwepo hata moja, ndogo hujificha. Kwa hiyo Kahawa hawezi kuwa kitu kingine ila nnff, na n moja na f moja lazima alipewa na baba yake. Kama baba ni Komanda, basi Komanda ni NnFf, sawasawa na Tulia waliyemla. Kama si Komanda, Fortunat alisema kweli, nami ningenyamaza mpaka kufa.

Njia ya kujua ilikuwa Kahawa mwenyewe. Jike wa nnff hana cha kumfichia dume: anatoa n na f tu, na herufi yoyote ambayo baba ametoa huonekana wazi kwa mtoto. Komanda akiwa NNFF, watoto wote watakuwa weusi, manyoya mafupi. Akiwa NnFf, zitatoka aina nne.

Kahawa alipokomaa nilimweka kwa Saliha siku arobaini, zaidi ya mwezi ambao sungura hubeba mimba, nyumba isiyo na dume, asije mtu akasema alikwenda na mimba. Kisha Saliha akampeleka kwa Fortunat kama wake. Fortunat hakumtambua; alimwona mara moja tu, akiwa mtoto. Alimfungia na Komanda siku mbili, ufunguo mfukoni mwake, akaandika hayo kwenye daftari lake na kutia sahihi.

Nilikuwa namshika mtoto wa sita mlango ulipogongwa.

"Hodi humu. Ni Fortunat."

Desturi ni kwamba mwenye dume hulipwa mtoto mmoja, na ndiye huchagua kwanza. Niliingia chumbani na kusimama nyuma ya pazia. Nilimsikia akichuchumaa, akishusha pumzi.

"Mama, hii ni nini? Komanda amekufanyia kazi nzuri, jike yako ameharibu."

"Ameharibu vipi, Papa?" Saliha akauliza. "Si alikuwa kwako siku mbili?"

"Alikuwa kwangu. Nilifunga mi mwenyewe."

"Labda dume mwingine alipita."

"Kwangu? Hata panya hapiti. Komanda peke yake." Alicheka kidogo. "Shida ni damu ya majike. Mwaka jana mama mumoja hivihivi, tulimusaidia kumula jike yake."

Nilishika pazia.

"Sasa utachagua yupi?" Saliha akauliza.

"Leo apana. Kesho tuna mukutano. Lete kizimba chote. Nataka watu waone jike mubaya anafanya nini, halafu nitachagua mbele yao."

"Sawa, Papa. Nitaleta wote."

Alipoondoka, Saliha alifunika mdomo kwa khanga akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilimchukua tena wa sita: mweusi, manyoya marefu.

"Kesho utawaambia nini?" akauliza alipotulia.

"Nitamwomba asome kwa sauti yale aliyoyatia sahihi. Halafu nitampa watoto mmojammoja mikononi, na kila mmoja nitauliza baba yake ni nani."

"Na Tulia? Hizo herufi ndogo si alikuwa nazo pia?"

"Alikuwa nazo. Nusu ni yake."

"Hiyo utaisema?"

"Nitaisema. Ya Komanda nitaisema kwanza, na sitaharakisha."

Hesabu ilikuwa hivi: weusi wa manyoya mafupi wawili, weusi wa manyoya marefu wawili, kahawia wa manyoya mafupi wawili. Kwa karatasi yatosha. Kahawia kapewa n na Komanda, wa manyoya marefu kapewa f. Lakini walioila nyama ile hawasomi herufi. Nilitaka aina ya nne, kahawia wa manyoya marefu, Kahawa mwingine, Fortunat amwinue tena kama alivyomwinua yule.

Alibaki wa saba, kahawia, mdogo kuliko wote. Nilimpuliza. Manyoya yalikuwa yamelowa maziwa na kushikamana, na mvua ilikuwa imeleta giza jikoni. Nilijaribu rula mara mbili. Mara ya kwanza mafupi, mara ya pili si mafupi.

"Andika refu tu," Saliha akasema. "Nani atajua?"

"Mimi."

Nilimpangusa kwa kitambaa, nikamrudisha tumboni kwa mama yake akauke. Kwenye karatasi nilichora mstari wa saba, nikaandika rangi, na pale pa manyoya nikapaacha wazi. Rula niliiweka juu ya kizimba, mahali ambapo jua la asubuhi huingia kwanza.