Gauni la Mpira la Christabel

Christabel alifariki Jumatatu asubuhi, presha, chai ikiwa bado jikoni. Kufikia saa sita soko lote la Sosiot lilikuwa limeacha kuuliza amekufaje, linauliza atazikwa na nguo gani.

Swali lilikuwa la haki. Mumewe, Gordon Obure, fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha chai, alikumbuka jinsi kazi ya nguo za mkewe ilivyoanza. Christabel alikuwa akishona aproni za mpira za wachuma chai, zile za kuzuia umande, akachoka kuona wanawake wamefungwa kama magunia. Akakata moja ikafuata kiuno, akaitia kamba mgongoni kama za viatu, akavuta. Kesho yake wachumaji walipanga foleni mlangoni. Kisha picha ikafika Nairobi kwa simu na oda zikaanza kumiminika: magauni meusi yanayong'aa na kubana kama ngozi ya pili, glavu za kufika kwapani, mikanda ya shingo. Mikanda aliinunua agroveti, kwenye duka la mifugo, ile ya ndama. Wateja wengine walikuwa wanamuziki. Wengine walikuwa mabwana na mabibi wenye mambo yao ya chumbani, wanaotuma vipimo bila majina. Wazee wa kanisa walipokuja kumhoji aliwaambia, "Mimi napima kiuno, sipimi nia." Wakamaliza chai, wakaondoka. Haukupita muda kwaya ikashona sare zenye kamba mgongoni, na maharusi wa Chepilat wakataka mkanda mweusi wa mpira juu ya nyeupe.

Basi Gordon alitaka azikwe na gauni jeusi la mpira alilojishonea mwenyewe. Lakini Syprose, dada mkubwa wa Gordon, alifika kutoka kwao ziwani na gauni jeupe la satini.

"Anaenda kwa Mungu, haendi disko," alisema.

"Hakuwahi kuvaa satini, dada."

"Kwa hiyo nimpeleke nyumbani kama tairi?"

Mama Elmina, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, ndiye aliyeamua. Watajaribu lile jeusi kwanza. Likikataa, satini.

Siku ya kuchukua mwili, wanawake waliingia kumvisha na Gordon akabaki nje ya pazia la mochari. Alisikia mpira ukilia kama vyura.

"Vuta."

"Navuta."

"Huo ni mkono wangu."

Jirani yao Esnah, kama mfugaji yeyote wa Belgut, aliamini hakuna kinachoshinda mafuta ya kukamulia ng'ombe, na kopo lilikuwa mkobani. Wakapaka. Wakavuta pamoja. Gauni likawaponyoka, likaruka juu ya pazia, likamfunika Gordon kichwa na mabega.

Alisimama humo gizani. Mlikuwa na harufu ya duka, ya mpira na chaki, na hakuwa na haraka ya kutoka.

"Limekataa," sauti ya Syprose ikasema. "Leteni satini."

Kisha Mama Elmina akakohoa.

"Lifutwe mafuta kwanza. Mpira unataka poda."

"Na wewe umejuaje?"

"Langu navalia poda."

"Lako?"

"Nina mgongo, Syprose."

"Mgongo gani?" Esnah akauliza.

"Mgongo wa kawaida. Wenye kamba nyekundu."

Aliyeanza kucheka ni Esnah. Syprose alijizuia kidogo, kisha akashindwa, akacheka mpaka mhudumu wa mochari akaja kuangalia kuna nini.

"Nionyeshe," akasema akihema. Nguo zikachakarika. "Mama yangu. Kumbe ndiyo siri ya hicho kiuno, na sisi tunasema ni kufunga na kuomba."

Gordon alipitisha gauni chini ya pazia. Muda si muda poda ikapanda juu kama unga kwenye posho mill, ikamwangukia nyweleni. Naye alikuwa anacheka, na machozi aliyoyangoja tangu Jumatatu yakaja hapo hapo, yote kwa pamoja.

"Ndugu yangu," Syprose akaita kutoka ndani, sauti imelainika. "Limeingia. Kamba tuvute kiasi gani?"

"Vuta," Gordon akasema. "Alikuwa hapendi ilegee."

Christabel amezikwa huko ziwani, kando ya mama mkwe wake, na gauni lake jeusi. Duka la Sosiot sasa linaendeshwa na Chepngeno, msichana ambaye Christabel alimfundisha kazi, na hufunguliwa kila siku isipokuwa Jumapili.