Diski Mbili za Mama

Mdogo wetu wa mwisho alifika Mama ameshazikwa. Aliingia na begi mgongoni, hakusalimia mtu, akauliza, "Maneno yangu yako wapi?"

Mama, mkono ulipokataa kushika kalamu, alikuwa akijirekodi kwenye kompyuta ya chumbani kwake. Siku zake za mwisho alimpigia huyu mtoto simu: "Leo nakuwekea maneno yako humo. Hayasemeki kwa simu. Uje uyasikilize mwenyewe." Ndicho kitu pekee mdogo wetu alichokuwa anakifuata njia nzima. Na kompyuta yenyewe ilikuwa imegoma tangu umeme ulipokatika siku ya msiba.

Mimi na kaka ni mafundi, karakana moja, meza mbili. Tukaipeleka huko. Mdogo wetu akavuta kiti mpaka magoti yakagusa meza.

"Dada, usije ukayafuta."

"Niyafute kwani nimerogwa?" Ndivyo nilivyo mimi, nikiogopa nafoka.

Nikaiwasha. Maandishi meupe yakateremka kwenye kioo, yakakwama: diski si safi, haifunguki. Nikafungua mfuniko, nikakuta diski mbili.

"Hii ya pili ya nini?" nikamuuliza kaka.

"Ya zamani ilianza kukoroma, nikainakili yote kwenye mpya. Ya zamani nikaiacha humo humo. Si akiba haiozi?"

"Akiba gani! Umeziacha zote zimechomekwa?"

Kaka ni fundi mzuri, sitamsingizia. Sisi hatuamini herufi ambazo mashine inazipa diski, maana leo hii ni A, ukizima na kuwasha imekuwa B. Tunaiambia mashine itafute namba ya utambulisho iliyo ndani ya diski, namba ndefu ambayo nyingine haina. Lakini ukinakili diski nzima, na hiyo namba unainakili. Basi mashine ilikuwa na diski mbili zenye kitambulisho kimoja, na kila ikiwashwa inafungua ile iliyowahi kuamka. Mafahali wawili zizi moja! Mama alikuwa akihifadhi mara huku, mara kule, wala hajui.

Kaka akashika kichwa. "Ala! Namba sikuibadilisha."

"Hukuibadilisha!" Nilitamani kumrushia bisibisi. Halafu nikamwona macho yalivyomvimba, nikaiweka chini. Yeye ndiye aliyekuwa akimgeuza Mama kitandani.

Nikazitenga, nikanakili kila moja pembeni kabla ya kugusa chochote. Ya zamani ilikuwa na shughuli iliyokatizwa. Diski kabla ya kuandika hujiwekea maelezo mafupi ya inachotaka kufanya. Umeme ukikatika, ikiwashwa tena inayasoma na kujipanga. Nikaiacha nakala yake ijisomee. Ikajipanga vizuri kabisa, na faili likatokea: "Ya kitinda mimba wangu." Faili kubwa, la mazungumzo marefu.

Mdogo wetu akaziba mdomo kwa viganja, machozi yanamtoka huku anacheka. Nikabonyeza.

Kimya. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikalichungulia faili lenyewe kwa ndani: sifuri tupu, mwanzo hadi mwisho.

"Spika hiyo," akasema mdogo wetu. "Dada, si ubadilishe spika?"

"Si spika, mpenzi. Yale maelezo yanatunza jina la faili na ukubwa wake tu. Hata siku ile umeme ulikatika, Mama alipomaliza tu kuhifadhi, sauti yenyewe haijaandikwa." Roho iliniuma nikashindwa kumtazama.

"Bado ile mpya," kaka akasema haraka.

Kwenye ile mpya, ambayo ndiyo iliyowahi kuamka kesho yake, kulikuwa na faili lake moja, la siku hiyo. Hilo likasema. Jamani, sauti ya Mama!

"Mwanangu, jana nilikusemea mengi. Leo nimeyatafuta humu, hayamo. Kaka yako naye ametazama, anasema sikurekodi kitu, ni dawa zinaniotesha. Ananiambia kwa upole, maskini, usimkasirikie. Haya, kama niliota, niliota." Akakohoa. "Nilianzia wapi vile? Lilikuwa jambo kubwa, nililipanga vizuri nisikuumize. Sasa naogopa kulisema, nisije nikakupa ndoto ya mgonjwa ukaishi nayo. Akili ikinirudia nitakuambia."

Halafu ukasikika mkono unapapasa mezani, kutafuta kitufe cha kuzima. Tulitafuta diski zote mbili. Faili jingine la mdogo wetu halikuwepo.

Mdogo wetu alimgeukia kaka, akamshika mkono. "Kaka, hakukudokezea hata kidogo?"

"Alitaka," kaka akasema. "Alinishika shati, akasema kaa nikueleze wewe. Nikamwambia, Mama, lala."