Mchirizi wa Upande wa Pili

...zima feni, alisema mke wangu, mswaki mdomoni, povu kidevuni, hakusema kingine, feni tu, kisha nikasikia kishindo bafuni, na sasa nimekaa mbele ya grafu yake, Prof, unanisikia? ananiuliza mtafiti mwenzangu, binti aliyesomeshwa na marehemu, nasikia, binti, endelea, anasema tumerudia hesabu yote, mchirizi wa upande wa pili bado umefifia, ila si kama zamani... viini viwili vizito vya atomi vinagongana, michirizi miwili ya chembe inaruka, kila mmoja na upande wake, mmoja unatoka mzima, mwingine unaishia ndani ya ile supu ya moto ya viini vilivyoyeyuka, ndivyo mke wangu alivyowaeleza wadogo zangu, nao wakamcheka, shemeji, hiyo supu mtatukaribisha lini?... lakini ili useme umefifia lazima uwe na cha kulinganisha, migongano myepesi isiyo na supu, wakati ule hatukuwa na kipimo chake kwa nishati ileile, tukachora mstari wa kukadiria, leo kipimo kimepatikana na kimelala chini ya mstari wetu, basi kilichopotea ni kidogo kuliko tulivyodhani, kidogo mno kukiapia... tuliache neno lake, ushahidi, kwenye makala mpya, Prof, tukilibadilisha watamsema mama, naye hayupo wa kujitetea, nusu namsikia, moyo unasema liache, liache, ndicho alichobakiza... daktari naye, mke wangu alipolalamika mapigo ya moyo yanaruka, alisema hizi ni dalili tu, hatuna ushahidi wa ugonjwa, tukatoka pale tunacheka, tu, kaneno kadogo vile, tukakashika kama ahadi, mlangoni akanitania, umesikia, bwana wee, mkeo ni grafu yenye makosa makubwa ya kipimo, nami nikacheka mpaka nikaegemea ukuta, kumbe dalili ilikuwa imesema yote iliyoyajua, ni sisi tulioisikia kama si kitu... Prof? grafu iko palepale, binti amekunja mikono, machozi yanamlengalenga, amechoka kunibembeleza, nipe mpaka kesho, binti, haya, Prof, pole...

Asubuhi yake nilifungua makala, nikafuta ushahidi, nikaandika dalili, bila kale kaneno tu, na jina la mke wangu nikaliacha la kwanza kati ya waandishi.